Mwandiko Usiotaka Kujulikana ni wa Nani

Niliombwa kuipitia hati moja ya shukrani kabla haijapelekwa kuchapwa. Kazi ndogo: angalia tahajia, angalia tarehe, irudishe. Juu kabisa, kwa herufi zile za kulala na kujipinda ambazo kila mtu anazijua kutoka kwenye kadi za harusi na vyeti vya kuhitimu, yalikuwepo maneno matatu: Hati ya Shukrani. Tahajia ilikuwa sawa. Kabla sijafunga faili nikaikuza picha hadi maneno hayo yakajaza skrini nzima.

Nikaona vitu viwili.

Cha kwanza, herufi a zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa moja. Tumbo lilelile, unene uleule wa mstari unaoshuka, mkia uleule unaopanda kulia kwa pembe ileile. Cha pili, ndani ya neno Shukrani, pale r inapoipokeza a, palikuwa na ufa. Mkia wa r uliishia juu, a ikaanzia chini kidogo, na katikati yake weupe wa karatasi ukapenya.

Kwenye hati iliyochapwa hakuna ambaye angeuona. Niliirudisha na kusema iko tayari, na kweli ilikuwa tayari.

Ila ule ufa haukuniachia. Wiki zikapita, kila nikikutana na mwaliko au cheti najikuta nakisogeza karibu na macho kutafuta pale herufi zinaposhikana.

## Kinachodaiwa na herufi hizi

Herufi za kawaida za chapa, kama hizi unazosoma sasa, hazidai chochote. Zinajulikana kuwa za mashine na hakuna anayezilaumu. Herufi za kaligrafia zinadai. Zinakwambia kuna mtu aliketi, akachovya kalamu kwenye wino, akatulia, akaliandika neno hili kwa ajili yako. Ndiyo maana tunaziweka kwenye mwaliko na hatuziweki kwenye risiti.

Na mtu huyo hayupo. Kuna aliyebonyeza vitufe, akachagua jina la fonti kwenye orodha, akaendelea na mengine.

Kwa muda nililichukulia jambo hili kama udanganyifu mdogo unaovumilika, sawa na maua ya plastiki mezani. Nilishaanza hata kuandika makala ya kulalamika kwamba heshima siku hizi inapakuliwa bure mtandaoni. Makala ile haikufika popote, kwa sababu nilikwenda kutafuta herufi hizi zilikotoka, na nilichokikuta hakikuniunga mkono.

## Waliotaka a zote ziwe moja

Sehemu kubwa ya fonti za sherehe tulizo nazo kwenye kompyuta zinatokana na mwandiko wa Uingereza uliokomaa mwishoni mwa karne ya 17 na kutamba karne ya 18, ambao wenyewe waliuita mwandiko wa mviringo. Waliokuwa wakiufundisha walikuwa watu wa kujulikana, wenye shule zao, vitabu vyao, na ugomvi wao. Mkusanyo unaotajwa zaidi ni The Universal Penman wa mchongaji George Bickham, uliotolewa kwa vipande kati ya 1733 na 1741, ukiwa na kazi za walimu 25.

Mmoja wa walimu wa zama hizo alikuwa Charles Snell, aliyezaliwa 1667 na kufariki 1733. Wenzake walipenda kuzungushia maandishi ndege, samaki na viumbe vya kila namna, vilivyochorwa kwa mikupuo mirefu ya kalamu kuonyesha kwamba mkono unaweza. Snell hakuwa na subira na mambo hayo. Mwaka 1714 alitoa kitabu cha kanuni za mwandiko: herufi ziwe na vipimo na uwiano unaojulikana, na anayejifunza aufuate. Walikuwepo waliompinga hadharani, wakisema mkono wa mtu hauwezi kufungwa kwa rula.

Fikiria hilo lina maana gani. Mwanafunzi aliyefaulu kwa Snell ni yule ambaye a yake ya asubuhi na a yake ya jioni huwezi kuzitofautisha.

Hapo ndipo makala yangu ya malalamiko ilipokufa.

Kile nilichokuwa nakishitaki kwenye fonti, walimu wa mwandiko huo walikuwa wanakitolea jasho. A tatu zinazofanana kabisa hazikuwa ishara kwamba mashine imeuvamia mwandiko. Zilikuwa ndoto ya mwandiko wenyewe, iliyochelewa tu kutimia. Mkono wa binadamu ulikuwa ukiikaribia na kuikosa, kila siku, kwa sababu mkono unachoka na wino unaisha.

Katikati ya miaka ya 1960, msanifu Mwingereza Matthew Carter alipotaka kuchora fonti ya aina hii kwa kampuni ya Linotype, alikwenda kwa Snell, akaiita Snell Roundhand. Nadhani nimeelewa kwa nini alimchagua huyo kati ya wote. Mwandiko wenye kanuni ni nusu ya fonti tayari. Miaka michache baadaye, 1972, akamgeukia George Shelley, mwalimu mwingine wa zama zilezile, na safari hii akatoa matoleo matatu kwa kadiri ya madoido: Andante, Allegro na Volante, majina ya kimuziki, kutoka tulivu hadi lenye mikia inayoruka. Watu wengi wakionyeshwa yote matatu huliendea Volante. Mimi siku hizi nabaki na la kwanza.

## Mwandiko wa makarani

Kuna jambo jingine ambalo kadi za harusi zimetusahaulisha. Huu ulikuwa mwandiko wa kazi.

Kurasa za Bickham zina ankara, risiti, hati za madai, barua za wafanyabiashara. Mwandiko ulikua pamoja na biashara ya Uingereza ya karne ile, na vijana wengi walijifunza ili wakakae kwenye ofisi wanakili hesabu. Mlalo wake na viungo vyake vilikuwa na sababu: kalamu isipoinuliwa mara kwa mara, mkono unakwenda mbio. Na karani mmoja akiugua, mwenzake anashika daftari na kuendelea palepale, bila msomaji kushtuka kwamba mtu amebadilika.

Mwandiko usiotaka kujulikana ni wa nani.

Kwa hiyo herufi tunazozitumia leo kumwambia mtu "hii ni yako wewe" zilikulia kazini zikisema "hii imetoka ofisini". Sijui kwa nini hili linanifurahisha kiasi hiki. Labda kwa sababu linaondoa wingu la manukato lililozizunguka.

Zilipandaje cheo? Mimi nasoma hivi: kadi zilizochapwa kwa mabamba ya kuchongwa zilishazoea kuzitumia, kisha mwaka 1874 kampuni ya Remington ikaanza kuuza taipureta, na kazi ya karani ikaanza kuhamia kwenye vitufe. Mwandiko uliobaki ukabakia na shughuli zile ambazo haraka ingekuwa utovu wa adabu.

## Kalamu ilipoiga shaba

Nilidhani nimemaliza. Bado palikuwa na swali la mkono: hata kama walimu walitaka a zote zifanane, angalau mwanzoni kulikuwa na mkono halisi, si ndiyo?

Ndiyo na hapana.

Kalamu ya mwandiko huu ina ncha kali yenye mpasuko katikati. Ukishuka nayo kwa kukandamiza, mpasuko unafunguka na mstari unanenepa. Ukipanda, unalegeza mkono, kwa sababu ukikandamiza kwenda juu ncha inachoma karatasi na kurusha wino. Basi mstari unakuwa mwembamba kabisa. Unene wote wa herufi hizi ni kumbukumbu ya kukandamiza. Hapo ndipo zinapoachana na ukoo mwingine wa herufi za sherehe, ule wa kalamu ya ncha bapa uliotoka Italia, ambapo unene unatokana na upande kalamu inakoelekea. Fonti ya Zapfino ya Hermann Zapf, ya mwaka 1998, ni ya ukoo huo. Watu wanazichanganya koo hizi mbili kwenye kadi moja, na jicho linahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama mwenye jicho hajui ni nini.

Lakini wanafunzi wa Snell na Bickham hawakuletewa karatasi iliyoandikwa na mwalimu. Waliletewa kitabu. Na kitabu kilichapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba, ambayo mchongaji aliyachonga kwa kifaa cha chuma chenye ncha, herufi kwa herufi, kinyumenyume kama kwenye kioo, akiwa na muda wa kutosha kurekebisha. Mistari inayopanda ikatoka myembamba kuliko kalamu nyingi zinavyoweza kuiacha. Miviringo ikakamilika kuliko mkono unavyoweza kuikamilisha kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi akauweka ukurasa huo mbele yake na kuanza kuiga.

Yaani mkono ulikuwa unaiga chuma kilichoiga mkono.

Mfano unaojulikana duniani kote uko Marekani. Tamko la Uhuru la 1776 liliandikwa kwa mkono kwenye ngozi, na inaaminika aliyeliandika ni Timothy Matlack. Wino wake ulififia mapema. Mwaka 1820 John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alimwagiza mchongaji William J. Stone atengeneze nakala ya bamba la shaba, na kazi ikakamilika 1823. Picha ya Tamko ambayo watu wengi wanayo kichwani, ile yenye herufi nyeusi zilizokaa vizuri, inatoka kwa Stone. Hakuna anayeiita bandia.

Nilipofika hapa, neno "bandia" lilianza kukosa mahali pa kukaa.

## Ufa una ukoo wake

Basi nikabaki na ufa, ambao ndio ulionianzisha.

Kwenye herufi za risasi, yaani zile za madini zilizotumika kuchapia zamani, kila herufi ilikuwa juu ya kipande chake cha mraba, na vipande hupangwa bega kwa bega. Herufi inayolala haikai ndani ya mraba. Mkia wake lazima utokeze nje ya kipande na kulalia jirani, na sehemu hiyo iliyotokeza ndiyo ya kwanza kuvunjika. Mwanzoni mwa karne ya 19, Firmin Didot wa Ufaransa alijaribu kutoka kwenye mraba huo: akatengeneza herufi za mwandiko wa Kiingereza juu ya vipande vyenye mlalo, vinavyoingiliana. Kazi ya akili nyingi, na mpanga chapa alihitaji subira ya kulingana nayo. Viungo bado vilionekana ukisogeza jicho.

Mraba uliondoka pale herufi zilipoanza kupangwa kwa picha na mwanga badala ya risasi. Mwanga hauvunjiki. Herufi moja inaweza kulalia nyingine bila kugombana. Snell Roundhand ilichorwa kwa mtambo huo hasa, na ndiyo maana mikia yake inaingia kwenye jirani kana kwamba haikuwahi kukatwa.

Halafu ikaja hatua ambayo tuko nayo. OpenType, mfumo wa faili za fonti uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, iliruhusu fonti moja kubeba a nyingi, r nyingi, na maelekezo ya lini itumike ipi. Fonti ya Bickham Script, ambayo Richard Lipton aliichora kwa Adobe mwaka 1997, ilipohamishiwa kwenye mfumo huo ikapata herufi mbadala kwa mamia. (Ukiandika jina Zapfino kwa fonti ya Zapfino kwenye Mac, neno zima linageuka kuwa mchoro mmoja. Jaribu, inafurahisha.)

Siku moja niliifungua fonti ya ile hati kwenye programu nyingine na kuandika Shukrani. Ufa haukuwepo. Fonti ilikuwa na r ya pili, yenye mkia unaoshuka kuipokea a, iliyochorwa kwa ajili ya ufa huohuo. Programu iliyotumika kutengeneza hati haikuiomba.

Msanifu alikuwa ameshaliona. Kuna mtu aliketi na r na a mbele yake, akajiuliza zitashikanaje, akachora jibu, na jibu likabaki ndani ya faili bila kuitwa. Mkono niliokuwa nikiutafuta wakati wote ulikuwa hapo. Haukuliandika neno langu, ni kweli. Uliandika maungio yote yanayowezekana, kisha ukaondoka kabla neno langu halijafika.

## Mistari 14

Baada ya hapo nilianza kuwa msumbufu. Kila fonti ya sherehe niliyoikuta niliipa maneno ya Kiswahili, maana waliozichora walikuwa na lugha nyingine akilini.

Anza na muumini. Kwenye mwandiko wa mviringo, m ina mistari mitatu inayoshuka, u miwili, n miwili, i mmoja. Hesabu neno zima: 14, yote minene sawa, yote imelala sawa, imetenganishwa na nyuzi nyembamba. Kinachokuonyesha iko wapi u na wapi n ni kama kiungo kimepinda juu au chini, basi. Nukta mbili za i ndizo zinazokuokoa, kama msanifu hakuzichora ndogo mno. Umuhimu ni afadhali kwa sababu h inasimama katikati na kukupa pa kushika. Fonti yenye nafasi pana kati ya mistari hulibeba neno hili vizuri. Fonti iliyobana hulifanya kuwa uzio.

Kisha ipe fonti silabi wa, yaani w ikifuatwa na a. Herufi nyingi hutoa mkia wao chini, kwenye mstari wa kuandikia, na herufi inayofuata huudaka hapo. W hutoa mkia juu, pamoja na o, v na b. A inataka kudakwa upande wa tumbo lake. Kutoka juu ya w kwenda kwenye tumbo la a ndicho kiungo kigumu, na Kiswahili kimejaa hicho: kwa, wanawake, mwaliko. Kwa Kiingereza kiungo hicho hujitokeza hapa na pale. Kwetu sentensi haimaliziki bila hicho.

Na ng' je? Fonti yenye akili huangalia kama neno limekwisha ili iipe herufi ya mwisho mkia wa kupambia. Kama aliyeiandikia maelekezo hakuihesabu alama ya ' kuwa sehemu ya neno, ukiandika kung'aa fonti inaamini neno limeishia kwenye g, inairushia mkia mkubwa chini, kisha aa zinafuata zimebaki peke yao.

Upande wa pili kuna faida ambayo sikuitarajia. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, wakati mikia mirefu ya mwisho wa neno mara nyingi huchorewa d, h, k, t na y. Kiswahili hakiiiti mara kwa mara. Ukurasa wetu kwa fonti hizi hutoka mtulivu kuliko ule wa Kiingereza, na mapambo hubaki kwenye herufi kubwa za mwanzo. Snell angeweza kuusoma bila kununa.

## Jina la mwenye cheti

Kinachoniudhi sasa ni kingine kabisa. Majina hukusanywa kwenye jedwali, aliyeyaandika ameyaandika yote kwa herufi kubwa, na programu inayamwaga kwenye vyeti kwa fonti ya kaligrafia. Herufi kubwa za mwandiko huu zilichorwa kuanzisha neno na kukabidhi kwa herufi ndogo. Hazishikani. Ukizipanga nane mfululizo kila moja inatupa mikia yake kwa jirani, I na J hazitofautiani, T inakuwa F, na mtu anapokea cheti ambacho jina lake mwenyewe analitambua kwa kubahatisha. Wapo wanaojaribu kuokoa hali kwa kuongeza nafasi kati ya herufi. Hapo viungo vyote vya herufi ndogo vinakatika kwa pamoja, na ule ufa wangu mmoja unakuwa kila mahali.

Zamani fomu za vyeti zilichongwa na kuchapwa zikiwa na mstari mtupu, na jina likajazwa kwa kalamu. Mikono miwili tofauti kwenye karatasi moja, wa mchongaji na wa karani, na haikuwa aibu kwa yeyote. Vyeti vikiwa kumi napendekeza hivyo hadi leo, hata kama mwandiko wa mjazaji ni wa kawaida tu.

Vikiwa mia sita, naomba jedwali la majina kabla ya kitu kingine chochote. Nabadilisha majina yawe na herufi kubwa ya mwanzo pekee, naondoa nafasi zilizoongezwa, nachagua fonti isiyo na makeke, nawasha herufi mbadala za viungo, na kabla ya kuchapa nakuza jina lenye w au ng' hadi lijaze skrini. Aliyenipa kazi huwa ananiuliza kama ndiyo tumemaliza. Mara nyingi bado.